Haya na Siha: Kumbukumbu za Mwalimu wa Viungo

Katika ratiba za shule nyingi za sekondari nilizopata kuzifahamu, somo la afya na mazoezi ya viungo hupewa saa ambayo masomo mengine yamekwisha kuikataa: alasiri, jua likiwa bado kali, wanafunzi wamechoshwa na hesabu na sarufi, na mwalimu anayelisimamia aghalabu ni yule aliye kijana kuliko wenzake, ambaye amekabidhiwa filimbi na mpira kwa sababu magoti yake hayajaanza kulalamika, bila ya yeyote kumwuliza anajua nini juu ya miili ya watoto. Niliingia katika kazi hiyo kwa mlango huohuo, katika mwambao wa Tanga, miaka michache baada ya Azimio la Arusha, nikadumu nayo hata nikastaafu. Katika yote ambayo uwanja ulinifundisha, liko jambo moja ambalo natamani walimu wanaokuja walipate mapema, nalo ni kwamba afya ya kijana imefunikwa na haya yake, na kwamba mwalimu asiyejua kuiheshimu haya hiyo hatapewa kamwe ruhusa ya kuyaona yaliyo chini yake.

Mwambao ni nchi ya stara. Mtoto hufundishwa, tangu hajajua kufunga vifungo vya shati lake, kwamba mwili una mipaka. Kwamba yako yanayosemwa barazani na yako yanayosemwa uani. Kwamba mkojo, damu na maumivu ya chini ya kitovu hayatajwi mbele ya wakubwa. Wako waliotujia kutoka mbali kwa nia njema ya kuelimisha, wakaiona tabia hii kuwa ni ujinga unaopasa kung'olewa kabla elimu ya afya haijapandwa. Mimi siafiki. Kijana yuleyule aliyeinamisha uso nilipotaja hedhi darasani alikuwa amekwisha soma chuoni, kwa mwalimu wake wa Kurani, hukumu za hedhi, janaba na tohara, sharti baada ya sharti, na hakuna aliyecheka wala aliyeona fedheha, kwa kuwa mambo hayo yalisemwa na mtu mzima, kwa sauti ya taratibu, kwa ajili ya ibada ya msikilizaji mwenyewe, wala hayakusemwa ili kumchungulia. Watu wa pwani hawakupungukiwa na maneno ya mwili. Walichokitaka ni kwamba maneno hayo yatamkwe kwa taadhima, mahali pake, na mbele ya anayehusika. Na mwalimu wa afya anayetimiza masharti hayo atastaajabu kwa wingi wa mambo atakayoambiwa.

Fahamu hii niliipata kwanza kwa watu wazima. Mwaka 1973 serikali iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya, ambayo iliwakusanya karibu watu milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio, kusoma vijitabu na kujadiliana juu ya malaria, kichocho, minyoo, kuhara damu na magonjwa mengine yaliyokuwa yakiwamaliza. Nami, nikiwa mwalimu mchanga, nilipewa kikundi kilichokutana jioni chini ya mkungu karibu na msikiti. Katika juma la malaria wazee walizungumza hata giza likaingia, kila mmoja akijua dimbwi la jirani yake lenye mbu. Katika juma la vyoo walibishana juu ya kina cha shimo, na baada ya siku chache majembe yalisikika mji mzima. Lakini lilipofika juma la kichocho baraza lilinyamaza. Watu walitazama chini, wakakubali kila nililosema, wakaondoka mapema. Mvuvi mmoja mzee aliandamana nami njiani, na tulipokuwa peke yetu akaniambia, "Mwalimu, usidhani hawakukusikia. Kila mwanamume unayemwona pale amekojoa damu alipokuwa kijana. Wazee wetu walituambia kuwa ndiyo dalili ya kubalehe, tukafurahi. Sasa redio inasema ni maradhi. Nani atasimama mbele ya mkwewe akanushe ujana wake?"

Sikupata kusikia maelezo yaliyo wazi kuliko hayo. Maradhi yalikuwa yamevaa joho la heshima, na kulivua joho hilo hadharani ilikuwa ni kumvua mtu mwenyewe nguo.

Shule yetu ilisimama juu ya kilima kifupi, si mbali na mto Pangani, na bondeni palikuwa na lambo lililochimbwa zamani kwa ajili ya shamba la mkonge. Wavulana walipokwisha cheza mpira walishuka lamboni kuoga, na huko ndiko nilikofundishia kuogelea wale waliotoka nchi kavu. Baada ya maneno ya yule mzee nilianza kuyatazama maji yale kwa jicho jingine. Kichocho cha mkojo huletwa na mnyoo ambao hauwezi kumaliza maisha yake bila ya kupita katika konokono wa maji baridi: mgonjwa akikojoa majini, mayai huanguliwa, vijidudu vyake huingia katika konokono na kuzaana humo, kisha hutoka kwa maelfu, hasa jua linapokuwa kali, vikatafuta ngozi ya mtu na kuipenya bila ya yeye kuhisi zaidi ya mwasho mdogo. Saa ya mchezo kwisha na watoto kuoga, kwa hiyo, ilikuwa katika siku nyingine ndiyo saa ambayo adui alikuwa amefungua milango yake yote.

Nilikwenda hospitali ya wilaya nikaomba msaada, na nikapata bwana wa maabara mmoja, mtu mpole, mwenye kuipenda kazi yake. Alikubali kuja na hadubini yake shuleni, akaweka masharti mawili ambayo yalinifurahisha. La kwanza ni kwamba mkojo utolewe baina ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, kwa maana ndio wakati ambao mayai hutoka kwa wingi. La pili ni kwamba kabla ya kutoa mkojo kila mwanafunzi akimbie na kuruka kwa muda mfupi, kwani mwendo wa mwili husaidia mayai kutoka. Hapo ndipo nilipoona masomo yangu mawili, ambayo ratiba iliyatenga, moja likiandikwa ubaoni na jingine likipigiwa filimbi, yakikutana katika chupa moja ndogo. Tangu siku hiyo sikuyatenganisha tena.

Sasa ilibaki kazi ya stara. Kila kijana alichagua mwenyewe karatasi yenye namba kutoka katika kikapu, akaibandika katika chupa yake, na namba ile hakuijua mtu mwingine, hata mimi. Walikimbia duara za uwanja, wakaruka kamba, wakaingia mmoja mmoja katika ghala ya majembe na kutoka kwa mlango wa nyuma, ambako kulikuwa na meza iliyofunikwa kitambaa, wakaziacha chupa chini ya kitambaa hicho. Bwana wa maabara alipokwisha kazi yake aliniuliza, "Majibu nimpe nani?" Nikamwambia kwamba ataketi peke yake katika chumba cha mwisho, na kila mwenye namba ataingia kuuliza habari ya namba yake. Tukakubaliana pia kwamba dawa itatolewa kwa darasa zima katika foleni moja, kwa kuwa waliokwisha kuoga lamboni walikuwa karibu wote, na kwa njia hiyo hakuna jicho litakaloweza kumtambua mgonjwa kwa kumwona anameza. Dawa ya zama zile ilimezwa mara tatu, kwa kuachana majuma mawili mawili, na ilihitaji subira. Baadaye ilipopatikana prazikwanteli, ambayo humezwa mara moja kwa kadiri ya uzito, kazi ikawa nyepesi zaidi.

Nilitaraji woga, nikaona shauku. Vijana walipojua kwamba siri yao imelindwa walianza kuomba wenyewe kutazama katika hadubini. Yai la kichocho cha mkojo lina umbo la duaradufu na mwiba mmoja mwishoni, na mtu akiliona mara moja halisahau. Nakumbuka mvulana mmoja, mtoto wa nahodha, aliyetazama kwa muda mrefu, akanyanyua kichwa, akatazama tena, kisha akasema kwa sauti ambayo wote waliisikia, "Hili ni langu." Hakulazimishwa na mtu. Baada yake wakafuata wengine, na joho lile la heshima ambalo redio na mwalimu hawakuweza kulivua, vijana walilivua wenyewe, kwa wakati wao.

Masomo ya kuogelea niliyahamishia baharini. Konokono hao hawaishi katika maji ya chumvi, na bahari yetu, licha ya mikondo yake inayotaka hadhari, haina kichocho. Tulikwenda maji yakiwa yanajaa, pamoja na wavuvi wawili wenye mtumbwi waliokubali kukaa upande wa nje, na wanafunzi walifundishwa kwanza kuelea, kisha kupumua, kisha kupiga maji. Kwa wale ambao kwao hapakuwa na maji ila ya lambo, tuliwafundisha kuyachota na kuyaacha katika mtungi uliofunikwa kwa siku mbili kamili kabla ya kuogea, maana vijidudu vile visipompata mtu hufa ndani ya muda huo. Mafunzo haya yalifika majumbani haraka kuliko barua yoyote niliyowaandikia wazazi.

Mwalimu wa viungo ana bahati ambayo tabibu hana: huwaona watu kabla hawajajua kuwa ni wagonjwa. Palikuwa na kijana mmoja wa kidato cha pili, mtoto wa makambi ya mkonge, ambaye katika mchakamchaka wa alfajiri alibaki nyuma kila siku, na darasani alisinzia, na walimu kadhaa walikuwa wamekwisha kumpa jina la uvivu na viboko vya kuandamana nalo. Katika shule hiyo nilikuwa nimeweka daftari ambalo kila mwanafunzi aliandika mwenyewe mapigo ya moyo wake. Nilikuwa nimewafundisha kuweka vidole viwili juu ya kifundo cha mkono, wala si kidole gumba, kwa kuwa gumba lina mpigo wake nalo huweza kumdanganya anayehesabu. Kuhesabu kwa sekunde 15 na kuzidisha kwa 4. Kufanya hivyo kabla ya kukimbia, mara baada ya kukimbia, na tena baada ya kupumzika. Moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga baina ya mara 60 na 100 kwa dakika, na wa mtu aliyezoea mazoezi huwa chini katika kipimo hicho. Huyu kijana, hata alipokuwa amekaa kivulini, moyo wake ulikwenda mbio kama mtu anayepanda mlima, na baada ya kukimbia haukurudi mahali pake hata wenzake walipokwisha sahau kwamba walikimbia. Nilimwita kando, nikamwomba avute chini ukope wa jicho lake. Ndani palikuwa peupe.

Ilikuwa safura. Mnyoo wake hukaa katika utumbo na kunyonya damu kidogo kidogo, na huingia kwa kupenya ngozi ya mguu usio na kiatu katika udongo wenye unyevu ambao watu wamejisaidia juu yake. Na makambi yale hayakuwa na vyoo vya kutosha wala viatu. Alipewa dawa ya minyoo na vidonge vya kuongeza damu, na mama yake akashauriwa juu ya mchicha, kunde na dagaa. Kabla ya mwaka kwisha alikuwa katika kundi la mbele la mchakamchaka. Sikupata kumsikia mwalimu yeyote akimwomba radhi, nami jambo hilo liliniuma na linaniuma. Neno mvivu, likitamkwa na mwalimu juu ya mtoto ambaye hajapimwa damu, ni dhuluma, na nimeshuhudia dhuluma hiyo ikitendwa na watu waliokuwa katika mambo mengine wema na wacha Mungu. Wako pia watoto wenye seli mundu, ugonjwa wa damu wa kurithi ulio mwingi katika nchi zenye malaria, ambao kiu, baridi na kuuchosha mwili kupita kiasi huweza kuwaamshia maumivu makali ya mifupa. Hao wasifukuzwe uwanjani. Wapewe maji, kivuli, na idhini ya kusimama wenyewe bila ya kuuliza.

Kadhia ya wasichana ilikuwa nzito zaidi, na mwanamume hakuweza kuitatua peke yake. Kila mwezi wasichana kadhaa walikaa chini ya mwembe, mitandio imewafunika, wakisema tumbo linauma. Na wengine hawakuja shule kabisa. Mwalimu mwenzangu wa kike, aliyefundisha sayansi kimu, alinieleza kwa maneno machache yaliyotosha: vitambaa walivyotumia walivifua usiku na kuvianika chini ya kitanda, au nyuma ya kabati, mahali pasipofika jua wala hewa, ili kaka na baba wasivione. Vilivaliwa vikiwa na unyevunyevu. Baadhi yao waliwashwa na kuchubuka, wakaogopa kukimbia kwa sababu kukimbia kulizidisha, na kuogopa hata zaidi kuchafuka mbele ya wavulana.

Nikamwomba yule mwalimu twende pamoja kwa bibi mmoja aliyekuwa kungwi wa mji, ambaye mikononi mwake wasichana wengi na mama zao walikuwa wamepitia walipovunja ungo. Alitukaribisha kwa kahawa. Nilipomwamkia, "Shikamoo, bibi," aliitika, "Marahaba, mwanangu," kisha akakaa kimya akitungoja. Nikamweleza tulilolijia. Akanisikiliza hata mwisho, akasema: "Kazi hii ni yangu tangu wewe hujazaliwa. Tatizo ni kwamba shule inawachukua watoto wakiwa wadogo na kuturudishia wakiwa wakubwa, na katikati hapo kila mmoja wetu anadhani mwenzake amewaambia." Akaweka masharti yake: atakuja shuleni, lakini atakuja kwa wasichana peke yao, mwalimu mwanamume atakuwa mbali kiasi cha kutosikia, na hakuna atakayeandika ayasemayo. Tukayakubali yote.

Sijui hata leo alisema nini siku ile, na sikustahili kujua. Najua yaliyofuata. Uani mwa bweni kulisimamishwa ua wa makuti, na ndani yake kamba ya kuanikia, na juu ya kamba kanga nyepesi zinazopitisha jua na kuficha kilichoanikwa chini yake. Kwa hila hiyo ndogo ya akina mama, jua likapata kufanya kazi yake na stara ikabaki. Akawaambia vilevile, kama nilivyoelezwa na mwenzangu kwa ruhusa yake, kwamba msichana anayejikunja kitandani siku nzima huzidiwa na maumivu kuliko anayejinyoosha na kutembea, na kwamba ngoma walizochezewa wari zilikuwa na viuno na magoti kwa sababu. Matabibu nao husema kwamba mwendo mwepesi hupunguza maumivu ya hedhi. Mimi niliyasoma katika vitabu. Yeye alikuwa nayo katika ngoma yake.

Ua wa pili tuliujenga uwanjani. Wasichana walipata mahali pao pa kucheza rede na mpira wa pete, wamevaa suruali pana na mitandio iliyofungwa nyuma isiwazuie kuona. Mzazi mmoja, sheikh wa msikiti, alifika akiwa amekasirika, akitaka kujua binti yake anafanyizwa nini. Mwenzangu alimkaribisha nje ya ua, akamweleza mavazi, saa na masharti ya mahali pale. Alisikiliza, akapapasa makuti kwa mkono wake, akasema yamepangwa vibaya na mvua ya kwanza itayaangusha. Siku ya pili alituma makuti mapya na mtu wa kuyasuka. Baada ya miaka michache wasichana wale walikwenda katika mashindano ya shule za sekondari nje ya mji, wakakimbia mbele ya umma wakiwa na mavazi yaleyale, na hakuna mzazi aliyemzuia mwanawe. Wangelazimishwa mwaka wa kwanza, naamini tusingewapata hata wa pili.

Mwezi wa Ramadhani uliniletea taratibu nyingine. Wanafunzi waliofunga hawakukimbizwa juani. Tulifanya kunyoosha viungo asubuhi mapema, tukajifunza huduma ya kwanza, mifupa na misuli, na wale waliotaka kucheza walicheza kwa wepesi saa ya mwisho kabla ya magharibi, wakijua kuwa maji na tende vi karibu. Msichana aliyekuwa katika siku zake, ambaye sheria inamwondolea saumu kisha akailipa, aghalabu hujizuia kula hadharani kwa sababu ya haya, akashinda na njaa isiyo na thawabu. Kwa hiyo chumba cha sayansi kimu kiliachwa wazi adhuhuri, mna maji na chakula kidogo, na hakuna aliyeulizwa kwa nini ameingia.

Watu hudhani mwalimu wa viungo hujenga mabingwa. Nami nilikuwa na furaha yangu katika jambo hilo. Tarehe 2 Februari 1974, huko Christchurch, Filbert Bayi alikimbia mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.16, akaivunja rekodi ya dunia huku akiongoza tangu mwanzo hata mwisho, na John Walker wa New Zealand nyuma yake asimpate. Habari ilipofika kwetu, kila mvulana wa shule alitaka kuongoza tangu mwanzo, na kwa majuma kadhaa nilikuwa na wakimbiaji waliokuwa simba katika duara la kwanza na waliolala majanini katika la tatu. Daftari la mapigo ya moyo lilinisaidia kuwaonyesha kwamba ujasiri ule ulikuwa na miaka ya mazoezi nyuma yake.

Habari niliyoitumia kwa hadhari zaidi ni ya John Stephen Akhwari, ambaye katika mbio za marathoni za Olimpiki ya Mexico, mwaka 1968, alianguka na kuumia goti, akafungwa bendeji, akaendelea hata akaingia uwanjani giza limekwisha kushuka, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Ni habari tukufu, na nimeona wazee wakifuta macho. Lakini nimewasikia pia walimu wakimtajia jina lake mtoto wa miaka 14 anayechechemea, wakimtaka amalize mchezo, na hapo nilikataa na nitaendelea kukataa. Akhwari alikuwa mtu mzima aliyebeba ujumbe wa taifa, akaupima mwenyewe uzito wa goti lake na uzito wa ujumbe huo. Mtoto wa shule hana ujumbe wa namna hiyo. Ana goti ambalo halijamaliza kukua, nalo atalihitaji kwa miaka sitini. Niliwafundisha wangu kuinua mkono na kutoka, na aliyetoka kwa maumivu ya kweli sikumruhusu mtu amzomee.

Kisha ukaja UKIMWI. Wagonjwa wa kwanza nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na haukupita muda mrefu hofu yake ikafika pwani mbele ya maradhi yenyewe. Tuliletewa mabango yenye mafuvu, na wahubiri wa kila aina, na vijana wakawa bubu tena. Nikaweka sanduku la maswali katika mlango wa ghala ileile ya majembe, lenye tundu na kufuli, na karatasi zisizo na majina. Swali lililojirudia kuliko yote lilikuwa hili: kama mbu huchukua malaria na matende kutoka kwa mtu hata mtu, kwa nini asichukue na virusi hivi? Nililipenda swali hilo, kwa kuwa lilikuwa limetoka katika masomo yangu mwenyewe. Hawa walikuwa watoto ambao zamani waliamini kuwa busha huletwa na kunywa madafu mengi, wakajifunza kuwa chanzo chake ni mbu, na sasa walikuwa wakifikiri sawasawa kutoka hapo. Nikawajibu kwamba mbu anapouma huingiza mate yake, haingizi damu aliyoinyonya kwa mtu wa kwanza. Kwamba vimelea vya malaria hukua ndani ya mbu na kufika katika mate yake, ilhali virusi vya UKIMWI haviwezi kukua humo na humeng'enywa pamoja na damu. Yalikuwamo maswali mengine ambayo siyaandiki hapa, kwa kuwa waliyaandika wakijua kwamba hayatatoka nje ya darasa lile. Yote yalijibiwa.

Tangu nistaafu naona mambo yamegeuka. Watoto wengi wana viatu, na dawa za kichocho na minyoo hugawiwa mashuleni. Lakini viwanja vimejengwa madarasa na maduka, kijana anafikishwa shuleni kwa bodaboda na kurudishwa kwa bodaboda, chakula chake cha mchana ni chipsi na soda, na presha na kisukari, ambayo tuliyahesabu kuwa maradhi ya wazee wenye mali, yanazungumzwa katika nyumba za watu wa makamo. Shirika la Afya Duniani linataka kila mtoto wa miaka 5 hadi 17 autumikishe mwili wake kwa juhudi kiasi cha dakika 60 kila siku. Shule nyingi haziwapi dakika hizo hata kwa juma zima, na zikikaribia mitihani huwanyang'anya chache zilizopo.

Kijana mmoja anayefundisha viungo katika shule ya mjini alinijia kuuliza aanzie wapi, maana hana uwanja wala mipira. Nilimwambia aende kituo cha afya cha jirani pamoja na barua ya mkuu wake wa shule, aulize ni maradhi gani yanayowaleta vijana wa umri ule, bila ya kutaka majina, kisha aweke sanduku la maswali, na mpango wake aupange kwa majibu ya pande hizo mbili. Alirudi baada ya muda akiwa na karatasi yake: pumu, maumivu ya hedhi, meno, ajali za pikipiki, na katika sanduku maswali mengi juu ya kukosa usingizi na juu ya unene. Kichocho hakimo. Ameanza na mapigo ya moyo, anafuatia kupumua kwa ajili ya wenye pumu, na mwalimu wa kike amechukua saa ya wasichana. Kwa kuwa uwanja hana, aliomba ukumbi wa chakula kila unapokwisha kusafishwa, na mkuu wake amemkubalia siku mbili katika juma. Sasa anaidai ya tatu.